Kutoka Mayflower hadi nyumbani kwetu Lowell: safari ya kutafuta nasaba ya mama mkwe

Kwenye familia ya mume wangu husimuliwa kwamba wao ni wazao wa watu wa Mayflower, meli iliyotia nanga Cape Cod mwezi Novemba 1620 ikiwa na abiria 102 kutoka Uingereza. Hapa Massachusetts masimulizi ya namna hiyo yapo mengi, na mengi hayana ushahidi. Mama mkwe alikuwa na karatasi ya shangazi yake, imeandikwa kwa mkono, inayoanza na jina la John Howland, mmoja wa abiria hao, na kuishia kwa bibi yake. Katikati imeruka vizazi.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mtoto hufundishwa kuwahesabu wazee wake kwa mdomo, na binti yetu, ambaye sasa ana miaka 12, anawataja wa upande wangu hadi babu wa sita bila kukwama. Upande wa baba yake hakuna anayewataja kwa mdomo. Wako kwenye makaratasi, na makaratasi yako kwenye ofisi za miji mbalimbali. Nilitaka azijue pande zote mbili kwa uzito mmoja, na mama mkwe alitaka jambo hili limalizike akiwa bado ana nguvu za kupanda ngazi.

Nieleze kwanza tulikuwa tunatafuta nini. Jumuiya ya wazao wa Mayflower, iliyoanzishwa 1897, imechapisha mfululizo wa vitabu vinavyofuatilia vizazi vitano vya mwanzo vya kila abiria aliyeacha uzao. Watafiti huviita vitabu vya fedha kwa sababu ya rangi ya majalada yake. Kwa hiyo vizazi vya mwanzo vimekwisha kuthibitishwa na wengine. Vizazi vya karibu, kuanzia katikati ya karne ya 19, tulikuwa na vyeti vyake. Pengo lilikuwa kwa mwanamke mmoja aliyeolewa mjini Sandwich mwanzoni mwa miaka ya 1800. Mume wake anajulikana, wanawe wanajulikana, ila baba yake hajulikani. Nitamwita bibi wa Sandwich. Jina lake naliacha kwa sababu wapo jamaa walio hai wanaolitumia.

Jumatano, Boston

Gari tuliliacha nyumbani tukapanda treni ya Lowell hadi North Station, dola kumi na kitu kwa mtu mzima kwenda tu. Kuegesha gari katikati ya Boston kutwa nzima kungekula zaidi ya hapo. North Station tukaingia treni ya chini ya ardhi, laini ya rangi ya chungwa, tukabadilisha Downtown Crossing kuchukua laini nyekundu, tukashuka JFK/UMass. Kutoka hapo hadi Jumba la Nyaraka la Massachusetts, Columbia Point, si mbali kwa mwenye magoti mazima. Goti la mama mkwe halikuridhia, tukachukua teksi.

Kuingia ni bure. Unajiandikisha, mkoba unaufungia kabatini, unaingia na penseli na karatasi. Kalamu ya wino hairuhusiwi. Humo mna vitabu vya vizazi, ndoa na vifo vya jimbo zima kuanzia 1841, mwaka ambao jimbo lilianza kuidai miji yote ipeleke nakala za kumbukumbu zake. Tulimtafuta mtoto mmoja wa bibi wa Sandwich, aliyefariki miaka ya 1870, na kabla ya saa sita mchana tulikuwa naye mbele yetu. Safu ya baba imejaa: jina, ukoo, mji aliozaliwa. Safu ya mama ina jina lake la kwanza, basi.

Bibi mwenyewe alifariki 1839, miaka miwili kabla ya vitabu hivyo kuanza. Sensa nayo haisaidii, maana hadi 1840 sensa ya Marekani iliandika jina la mkuu wa kaya peke yake na wengine wote wakahesabiwa kwa rika na jinsia. Majina ya watu wote wa nyumba yalianza kuandikwa 1850. Kwa hiyo mwanamke huyu alizaliwa, akaolewa, akalea watoto, akazikwa, na serikali haikuwahi kumwandika pamoja na jina la kwao. Nililitazama lile daftari na kuona uchungu wa kweli. Ningalikuwa mimi, binti yangu angebaki hana kwao kwa upande wangu.

Ushauri kwa atakayekwenda: andika mapema miaka na miji unayoitaka, kwa sababu faharasa zimepangwa kwa vipindi vya miaka mitano mitano na ni rahisi kupoteza asubuhi nzima. Chakula nenda nacho au uwe tayari kutoka nje. Sisi tulikula mikate ya mayai niliyofunga nyumbani, tumekaa kwenye benchi upepo wa bahari ukitupiga.

Alhamisi, Plymouth

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi kwa gari na bado foleni ya kuingia Boston ilitukamata. Barabara namba 3 ikishaiacha miji nyuma, inapita katikati ya misonobari hadi Plymouth. Oktoba ni msimu wa kuvuna kranberi, tunda dogo jekundu lenye uchachu. Wakulima huyafurika mashamba maji, matunda yakaelea, na ukiwa barabarani unaona bwawa zima limekuwa jekundu. Tuliingia njia ya kando kuelekea Carver ili mtoto aone. Mji huo umepewa jina la John Carver, gavana wa kwanza wa koloni, na ndiye aliyekuwa bwana wa John Howland, kwa sababu Howland alikuja Amerika kama mtumishi.

Jiwe la Plymouth watu wote huliendea, nasi tukaliendea. Ni jiwe la kawaida, limechongwa 1620, limewekwa chini ya banda la nguzo za mawe. Binti yetu alitazama akauliza kama kuna lingine. Nilimweleza kwamba hakuna aliyelitaja jiwe hilo kwa maandishi wakati wa safari. Habari yake ilianza 1741, pale mzee Thomas Faunce, mwenye umri wa miaka ipatayo 95, aliposema kwamba wazee wake walimwambia wageni walikanyaga hapo. Yaani miaka 121 baadaye. Mimi siwezi kumdharau mzee anayesema aliambiwa na wazazi wake, lakini kwa kazi tuliyokuwa nayo wiki ile tulihitaji ushahidi wa karibu zaidi.

Ng'ambo ya barabara kuna kilima kiitwacho Cole's Hill. Hapo ndipo pa kukaa. Majira ya baridi ya kwanza karibu nusu ya abiria walikufa, na mifupa iliyofukuka baadaye kilimani imehifadhiwa ndani ya kaburi la jiwe. Hatua chache kutoka hapo imesimama sanamu ya Ousamequin, kiongozi wa Wawampanoag anayejulikana zaidi kwa cheo chake cha Massasoit, aliyefanya mkataba na wageni Machi 1621. Na kuna bamba linaloeleza kwamba tangu 1970 watu wa asili hukutana kilimani pale kila siku ya Shukrani kuomboleza. Mahali ambapo Waingereza walijenga palikuwa kijiji cha Patuxet, na wenyeji wake walikuwa wamekufa kwa maradhi yaliyoletwa na meli za Ulaya kati ya 1616 na 1619. Mama mkwe amekulia Massachusetts na alisoma bamba lile mara ya kwanza siku hiyo. Alilisoma lote, taratibu, akasimama.

Mchana tuliingia nyumba ya Jabez Howland, mtaa wa Sandwich, iliyojengwa yapata 1667. Jabez ni mtoto wa John Howland na mke wake Elizabeth, na hii ndiyo nyumba pekee iliyosimama Plymouth ambayo inaaminika abiria wa Mayflower waliishi ndani yake. Hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo ulizia kwanza. Dari iko chini, mume wangu alitembea ameinama. Mbao za sakafu ni pana kuliko mguu wangu kwa urefu, na karibu na jiko la kuni zimelika katikati zikawa na bonde. Mama mkwe alivua viatu akasimama pale na soksi. Mwongoza wageni alikuwa mwanamke wa makamo, na hakumkataza. Alivuta kiti akamwekea karibu, akanong'ona kwamba wengi hufanya hivyo.

Huyo mwongozaji ndiye aliyetusimulia habari ya Elizabeth vizuri. John Howland anajulikana kwa sababu alianguka baharini katikati ya dhoruba akashika kamba ya tanga iliyokuwa ikiburuta majini, wakamvuta. Habari hiyo iliandikwa na gavana William Bradford. Alimwoa Elizabeth Tilley, binti aliyekuja na wazazi wake wawili, na wazazi hao wakafa majira yale ya baridi ya kwanza. John na Elizabeth walizaa watoto kumi na wote walifika utu uzima, ndiyo maana leo wazao wao ni wengi mno, akiwemo Franklin Roosevelt na marais wawili wa ukoo wa Bush. Sasa sikilizeni: kwa muda mrefu familia iliamini kwamba Elizabeth alikuwa wa damu ya gavana Carver. Ilikuwa heshima kutokana na gavana. Maandiko ya Bradford yalikuwa yamepotea, yakagunduliwa 1855 kwenye maktaba ya askofu wa London, na humo Bradford ameandika wazi kwamba Howland alimwoa binti wa John Tilley. Yaani Elizabeth alikaa na ukoo usio wake kwa miaka na miaka, hadi karatasi ya mtu aliyemjua ana kwa ana ilipomrudisha kwao. Nilipolisikia hilo nilimtazama mume wangu, naye akaelewa nawaza nini: bibi wa Sandwich naye anaweza kurudishwa.

Tulilala moteli ya kawaida nje ya mji, dola 138 kwa chumba cha vitanda viwili, chai na mkate ndani yake. Epukeni wikendi ya Jumatatu ya pili ya Oktoba. Ni sikukuu, ofisi zinafungwa na bei za vyumba zinapanda.

Ijumaa, Barnstable

Kuingia Cape Cod unavuka mfereji kwa daraja la Sagamore, la mwaka 1935, jembamba kwa magari ya siku hizi. Tulisimama hapo karibu saa nzima. Baada ya daraja tukaiacha barabara kuu tukafuata namba 6A, njia ya zamani inayopita vijiji vyenye nyumba za mbao za kijivu. Ni ya polepole, na kwa shughuli kama yetu ndiyo inayofaa, kwa sababu mahakama, maktaba na makaburi vyote viko kandokando yake.

Ofisi ya mirathi iko eneo la mahakama. Kabla ya kwenda tulikuwa tumepiga simu kwenye ofisi nyingine, ya mji mmoja ambao sitautaja, tukaambiwa rekodi za zamani zote ziliungua na hakuna haja ya kuja. Hilo ni kweli nusu. Oktoba 1827 ofisi ya hati za ardhi ya Barnstable iliungua, na karibu vitabu vyote vya mauziano ya ardhi vikateketea. Lakini vitabu vya mirathi kwa sehemu kubwa vilinusurika. Mtu akikuambia rekodi ziliungua, muulize ni zipi.

Karani aliyetupokea alikuwa kijana mpole. Tulimpa majina ya wanaume waliotajwa mwishoni mwa kitabu cha fedha, kwa sababu kitabu humaliza kwa kuorodhesha watoto wa kizazi cha tano kwa majina tu, na kila mmoja wao aliyeishi karibu na Sandwich angeweza kuwa baba wa bibi yetu. Walikuwa wanane. Tulianza saa tatu na nusu.

Kabla hatujapata tulichokitaka tukapata kingine. Katika kurudi nyuma kuthibitisha kizazi cha nne tulifungua orodha ya mali ya marehemu mmoja wa familia, ya katikati ya miaka ya 1700. Huandikwa na majirani watatu wanaozunguka nyumba na kuthamini kila kitu: kitanda na matandiko, chungu cha chuma, ng'ombe, kondoo, tani za nyasi kavu. Kati ya ng'ombe na nyasi kuna msichana mweusi, kwa jina moja, na bei yake. Mwandiko ni ule ule, mstari umenyooka kama mingine. Mume wangu alisoma kwa sauti, akafika hapo akanyamaza. Binti yetu alikuwa kando, akasoma mwenyewe.

Massachusetts utumwa uliendelea hadi kesi za mahakamani za mwaka 1783 zilipouondolea msingi. Watu wengi hapa hudhani ni jambo la majimbo ya kusini. Na mimi natoka pwani, kwetu Pangani zipo nyumba ambazo kila mtu anajua nani walifungwa humo, kwa hiyo sikuwa na neno la kumwambia mama mkwe kwa kumnyooshea kidole. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Huyu mtoto tumwandike." Nikaliandika jina lake kwenye daftari letu la nasaba, ukurasa wa kizazi cha nne, pamoja na mwaka na namba ya kitabu. Yumo hadi sasa. Kama kuna anayefuatilia wazao wake, atampata kwetu.

Saa saba tukatoka kula. Chakula cha huko ni supu nzito ya kombe, viazi na maziwa, na harufu yake inakushika tangu mlangoni. Kwa Waislamu wenzangu: ulizeni kwanza, maana wengi huianzia kwa mafuta ya nguruwe. Mpishi alikuja mwenyewe kutuambia yake inayo, akatukaangia samaki kwenye kikaango kingine bila kuongeza bei. Dola 61 kwa watu wanne, na viazi vingi.

Tulirudi saa nane. Mtu wa sita kwenye orodha yetu alikuwa mkulima aliyeandika wasia mwaka 1834. Anamwachia mke wake theluthi ya nyumba na haki ya kupita jikoni hadi kisimani. Anawagawia wanawe mashamba. Halafu unakuja mstari ambao nimeupiga picha na kuutazama mara nyingi tangu hapo: anamwachia binti yake, na jina la bibi wa Sandwich limeandikwa, mke wa, na jina kamili la mume wake limeandikwa, kitanda kimoja na dola ishirini. Mama mkwe aliomba miwani yangu kwa sababu yake ilikuwa imejaa machozi. Karani alifurahi nasi kana kwamba ni bibi yake, akatutolea nakala yenye muhuri, akatuonyesha pia ukurasa ambapo mume wa binti ametia sahihi kupokea zile dola. Hiyo sahihi ya pili ina thamani kubwa. Inathibitisha kwamba ni mume yule yule wala si mtu wa jina moja naye.

Kabla jua halijatua tulikwenda makaburi ya Lothrop Hill, kandokando ya 6A, kumtafuta Hope Howland, binti wa John na Elizabeth, aliyeolewa na John Chipman. Familia inatokana naye. Mawe ya zamani pale ni mabamba meusi, mengi yamechongwa fuvu lenye mabawa, na mwanga wa jioni ukiwa nyuma yako huoni herufi hata moja. Tulikuwa tunahangaika, akaja mzee mmoja na mbwa, hakuuliza sisi ni nani. Alikwenda kwenye gari lake akarudi na kioo cha kujitazamia, kirefu, cha mlango wa kabati. Akasimama kando ya jiwe akaurusha mwanga wa jua ukapita juu ya jiwe kwa mshazari, na herufi zikainuka zote. Hope Chipman, mke wa mzee wa kanisa John Chipman, umri miaka 54, Januari 1683.

Hapo kuna jambo la kuzingatia kwa yeyote atakayeshika rekodi za Waingereza wa zama hizo. Dada yake Hope, Desire, mke wa John Gorham, alifariki hapo hapo Barnstable Oktoba 1683. Ukisoma kwa kalenda ya leo utadhani Hope alitangulia. La. Kwa Waingereza mwaka ulianza tarehe 25 Machi hadi walipobadilisha kalenda 1752, kwa hiyo Januari 1683 ilikuja baada ya Oktoba 1683. Kwa hesabu yetu ni Januari 1684. Ndiyo maana wanasaba huandika 1683/4. Bila kujua hilo utamzika mtu kabla hajazaa mtoto wake wa mwisho, na ombi lako la kujiunga na Jumuiya ya wazao wa Mayflower litarudishwa.

Msisugue mawe kwa chaki wala povu la kunyolea ndevu kama wanavyofanya baadhi ya watu. Linakula jiwe. Kioo kinatosha. Yule mzee alitushikilia chake hadi tukamaliza mawe manne, mbwa amelala kwenye nyasi, akakataa hata shukrani ndefu.

Jumamosi, Sandwich na Mashpee

Asubuhi mvua. Sandwich, mji wa tangu 1637, una makaburi ya kale pembeni ya ziwa dogo. Bibi yetu yuko hapo, jiwe lake fupi kuliko la mumewe, limeandikwa "mke wa". Tulisimama chini ya miavuli, na binti yetu akalisomea jiwe jina la baba yake bibi, kwa sauti, jina ambalo halimo juu yake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Mashpee, nchi ya Wawampanoag. Niliomba tupite kwa sababu sikuona namna ya kufuatilia walowezi bila kufika kwa waliokuwepo. Ipo nyumba ya ibada ya kale ya watu wa asili, ambayo asili yake ni mwaka 1684, yaani umri mmoja na jiwe la Hope, na makaburi kuizunguka. Tulipokuwa hapo mwanamke mmoja Mmashpee aliyekuja kusafisha kaburi la jamaa yake alitusalimu, tukaongea karibu saa nzima chini ya baraza, mvua inanyesha.

Alituuliza tunamtafuta nani. Tulipotaja Howland na Gorham alijua mara moja. Kapteni John Gorham, mume wa Desire, aliongoza kikosi cha Plymouth katika vita vya walowezi na watu wa asili vya 1675 na 1676, akafa Swansea kabla vita haijaisha, na baadaye warithi wa askari wale wakapewa ardhi iliyoko Maine, ambako hadi leo kuna mji wa Gorham. Watu wa mwanamke yule katika vita ile waliuawa, na waliotekwa wengi walipakiwa melini wakauzwa utumwani visiwa vya Karibea, na wengine walifika hata Tangier, Afrika. Aliyasema hayo bila kupandisha sauti. Kisha akamgeukia binti yetu akamuuliza watu wa mama yake ni akina nani, maana kwao ukoo hufuata upande wa mama. Mtoto akahesabu majina ya Tanga yote, akaunganisha na bibi zake wa Barnstable. Mwanamke yule alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia amefundishwa vizuri. Mama mkwe alimwomba ruhusa ya kuandika tulichoambiwa kuhusu Gorham, naye akakubali.

Jumapili, East Providence

Barabara namba 195 kupitia New Bedford na Fall River ilikuwa tupu, hakuna la kusimulia. Katika mtaa wa Riverside, East Providence, jimbo jirani la Rhode Island, kuna makaburi madogo ya Little Neck, na humo amezikwa Elizabeth Tilley, kwenye eneo ambalo zamani lilikuwa Swansea. Jiwe lililopo ni la kumbukumbu, limewekwa na wazao. Alifariki Desemba 1687 akiwa nyumbani kwa binti yake Lydia, baada ya kuishi ujane karibu miaka 15. Mume wake ana jiwe lake kule Burial Hill, Plymouth. Kuegesha gari ni kando ya mtaa, na watu wanaishi hapo, kwa hiyo msipige kelele.

Tulikuwa na nakala ya wasia wake wa Desemba 1686. Anawausia wanawe wamche Mungu na wapendane wakae kwa amani. Anagawa vitu vya nyumbani na vitabu. Hope na Desire hawamo, na baada ya Barnstable tulijua kwa nini: mabinti wawili walimtangulia ndani ya miezi mitatu. Mtoto aliyeletwa na wazazi wake akiwa na miaka 13, akawapoteza majira ya baridi ya kwanza, akaja kuwazika mabinti wakubwa. Mimi nimezaa, na hilo lilinigusa kuliko habari yoyote ya meli. Nilimsomea dua kwa lugha yangu.

Saa tisa tulikuwa nyumbani Lowell. Kwa jumla tulitumia chini kidogo ya dola 900, vyumba vya kulala vikiwa ndiyo sehemu kubwa, na nakala zenye muhuri dola 40 na ushei. Ombi la mama mkwe limekwisha kutumwa. Kila kiungo kinatakiwa kiwe na uthibitisho wa mtu kuzaliwa na nani, kuoana na nani na kufariki lini, na palipokosekana cheti tumeweka wasia. Msitume hati halisi ya kitu chochote, tumeni nakala.

Kimebaki kitu kimoja. Elizabeth alibatizwa Agosti 1607 katika kijiji cha Henlow, Bedfordshire, Uingereza, na kanisa la Mtakatifu Maria lipo hadi leo. Najua Waswahili wako Luton na Bedford, na Henlow si mbali na huko. Kama kuna ndugu anayeweza kupita siku moja akatupigia picha mbili tatu za kanisa, nje na ndani, na kuuliza kama wana kumbukumbu yoyote ya ukoo wa Tilley ukutani, tutalipia nauli na chakula cha mchana.